Kaimu Aliyeomba Radhi

Mtu akikwambia huko juu angani hakuna mtaa, mwambie hajapanda. Kituo cha Sita kilikuwa bomba la chuma lenye watu mia na arobaini, linazunguka saa zote ili miguu ikae sakafuni, na hakuna aliyeweza kupiga chafya upande wa jikoni asipewe pole upande wa bafuni. Kazi yao ilikuwa kuzoa taka: setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi za enzi za babu zao, vyote vikinaswa kwa nyavu. Nyavu huchanika, na zikichanika hushonwa. Hapo ndipo walipoingia wanawake kama Sikudhani binti Saidi, wa mtaa wa Mnarani kule Kondoa, ambaye mkataba wake wa miezi kumi na minane ulikuwa umeshakula miezi kumi na mmoja.

Mwezi mzima alikuwa peke yake chumbani. Mwenzake alikuwa ameteremka kwao Songea, na Sikudhani, mtu wa kujipanga, alikuwa ameshakipa kitanda cha pili kazi: huku mabuibui, huku glavu za akiba, katikati msahafu juu ya mto safi. Siku hiyo zamu ya asubuhi imekwisha, anakunja mtandio wake, mara mlango ukafunguka akaingia mtu na begi.

Sikudhani alianza kumtazama miguuni, akapanda taratibu. Alipofika usoni akasema moyoni, "La haula."

Alikuwa Hidaya. Hidaya yule yule wa nyumba ya tatu kutoka kwao, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye miaka tisa. Wengine hupishana na adui yao sokoni, yakaisha. Yeye wake amepandishwa kilomita mia nne kwenda juu, akaletwa mpaka kitandani kwake.

"Assalamu alaykum," akasema Hidaya, macho kwenye mashine ya maji iliyokuwa ukutani.

"Wa alaykumu salaam," akajibu Sikudhani, naye akiiangalia mashine. Salamu ni haki ya Muislamu, si urafiki.

"Ewe mashine," akaendelea Hidaya, "hebu muulize huyo mwenye chumba, kitanda cha pili kina mtu au kinalaza mabuibui?"

"Samahani, sijaelewa," ikajibu mashine kwa upole. "Unataka maji ya moto au ya baridi?"

"Mwambie," akasema Sikudhani, "chumba hiki sikuambiwa kina mgeni."

"Maji ya moto yanakuja."

"Mwambie mgeni mwenyewe hakuambiwa kama kuna mwenyeji wa namna hii! Siku kumi nimefungiwa karantini, simu hakuna, redio hakuna, natoka napewa karatasi, chumba B kumi na saba. Ningejua ningebaki karantini!"

"Maji ya moto yanakuja," ikasema mashine tena, na kweli yakaja. Kikombe hakikuwapo. Wote wawili wakaruka upande mmoja kuokoa begi, wakagongana mabega, kisha wakasimama mbalimbali wakijipangusa kama walioguswa na masizi.

"Ofisini," akasema Sikudhani.

"Ofisini," akasema Hidaya.

Bwana Mligo, afisa mikataba, alikuwa mtu wa makamo kutoka Njombe, kipara, mpole, aliyezoea kuletewa malalamiko tu. Alipowaona wanaingia pamoja akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Hongereni mama zangu! Miaka sita nimekaa kwenye kiti hiki, sijapata taarifa tamu kama yenu. Nikasema hawa siwatenganishi, hawa chumba kimoja!"

"Taarifa gani?" wakauliza kwa pamoja, kisha kila mmoja akakasirika kwamba ameuliza pamoja na mwenzake.

Mligo akashika kibao chake akasoma. "Kondoa, Mnarani. Jumanne baada ya swala ya alasiri. Kaimu wa Sikudhani binti Saidi alimwomba radhi kaimu wa Hidaya binti Rajabu, barazani, mbele ya hadhira ya thelathini na mmoja: watu wa damu kumi na wawili, makaimu kumi na tisa. Kaimu wa Hidaya alisamehe. Walikumbatiana dakika nne. Likapikwa biriani. Waliokula, kumi na wawili."

Hidaya akatafuta kiti akakaa. Sikudhani alibaki amesimama.

Ukaimu ulianza mwaka ule ambao mtaa wa Mnarani ulizika mtu kwa wabebaji watatu, wa nne akiwa shemeji mwenye mguu mmoja. Watu wote wazima walikuwa kwenye mikataba, baharini, jangwani, angani. Serikali ikatoa sheria: anayeondoka zaidi ya miezi sita lazima aache kaimu. Unavaa kisikizi, kidude mfano wa kifungo cha shati, siku arobaini kwenye ukosi. Kinajifunza kucheka kwako, kukohoa kwako, namna unavyomwitikia mgeni hodi. Siku ya arobaini na moja kinatiwa kwenye mwili wa mpira na chuma, unaupaka mafuta yako, unaufunga kanga yako, unakwenda zako. Masheikh nao walikaa wakatoa kauli: kaimu atabeba jeneza, lakini hajazi safu msikitini, atahani, atamtunza mgonjwa, lakini hali kiapo wala hafungi ndoa. Kuhusu kuomba radhi hawakusema kitu. Nani angefikiria?

"Ni katikati ya Shaabani," akasema Mligo, ambaye alikuwa Mlutheri lakini kibao chake kilijua yote. "Kwa desturi yenu watu hutakana radhi kabla ya Ramadhani kuingia. Kwani mligombania nini?"

"Muulize yeye," akasema Hidaya.

"Pilau," akasema Sikudhani, sauti ndogo.

Hadithi ya pilau ile Kondoa nzima iliijua. Harusi ya binti wa Hidaya, wageni mia nne, sufuria sita kubwa, mpishi mkuu Sikudhani. Sufuria zote sita zikaungua. Na watu walipokimbilia moshi, walimkuta mama wa bibi harusi, Hidaya mwenyewe, amesimama jikoni na kuni mikononi, na Sikudhani anamkemea: "Nani kakwambia uongeze kuni?" Tangu siku hiyo jina la Hidaya likafa, akazaliwa Mama Ukoko. Hata watoto wa madrasa walimwita hivyo. Kwenye shughuli akija kusaidia, anapewa vitunguu amenye, jikoni hasogezwi.

"Basi yamekwisha, Mungu mkubwa," akasema Mligo. "Kilichobaki ni fomu. Kupatanisha ni neno zito, kama kupokea posa au kuuza kiwanja. Neno zito la kaimu linangoja mwenyewe alithibitishe ndani ya siku saba. Nne zimepita. Mama Sikudhani, swali lako ni hili: Je, radhi aliyoiomba kaimu wako ni yako? Mama Hidaya, lako: Je, msamaha alioutoa kaimu wako ni wako? Ndiyo, au hapana. Kidole hapa."

"Na ikiwa hapana?" akauliza Sikudhani.

Mligo akakuna kipara. "Kaimu aliyetoa neno zito ambalo si la mwenyewe ni kaimu mbovu. Anarudishwa karakana, anaoshwa kichwa, siku sitini. Na hili ni neno la watu wawili. Likianguka upande mmoja, limeanguka pande zote. Wataondolewa wote wawili."

Kule Mnarani, nyuma ya makaimu wale, alikuwako mama wa Sikudhani, Bi Mwavita, miaka themanini na minne, macho hayaoni, presha, mguu wa kushoto hausimami. Kaimu ndiye aliyempa dawa, kaimu ndiye aliyempikia uji. Chombo cha kuteremka kilikuwa hakitegemewi mpaka miezi mitatu. Majirani? Majirani wenyewe ndio hao kumi na wawili, nusu yao wazee kama yeye.

Aseme ndiyo? Yeye hakuomba radhi yoyote. Uongo wa kwenye fomu nao ni uongo. Malaika hawachagui karatasi.

"Nipe nafasi ya kuzungumza na nyumbani kwanza," akasema.

"Nami nipe chumba kingine," akasema Hidaya.

"Vimejaa," akasema Mligo.

Chumba cha simu kilikuwa na kiti kimoja na kioo kikubwa. Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri Sikudhani akaketi, kioo kikawaka, akamwona mama yake kitandani, kilemba kimefungwa vizuri kuliko alivyokuwa akimfunga yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe au ni yeye?"

"Ni mimi, mama. Sikudhani."

"Sauti hiyo hiyo. Yeye angalau hasemi mbio." Bibi akajisogeza. "Nilikuwa nasubiri simu yako. Siku hizi wananibeba wawili, wako na wa Hidaya, huyu kichwani yule miguuni, napelekwa kuoga kama bibi harusi. Zamani huyu wako peke yake alikuwa ananiburuta."

"Yuko wapi? Mwite."

Kaimu akaingia kwenye kioo. Kila mara Sikudhani alipomwona alishtuka, maana mtu hajui anavyotembea mpaka amwone mwingine akitembea mwendo wake. Alikuwa amevaa kanga yake ya zambarau, ile ya kutokea.

"Shikamoo Mwenyewe," akasema kaimu.

"Nani kakutuma ukaombe radhi kwa watu?"

"Wewe."

"Mimi? Lini? Mimi kinywa changu hiki?"

"Kila siku, siku zote arobaini za kisikizi, baada ya swala ya alfajiri," akasema kaimu. Kisha, kwa sauti ya Sikudhani ile ya chini kabisa, ile ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuisikia, akasema: "Ya Rabi, ni mimi niliyelala. Kuni hakuongeza Hidaya, alikuwa anazitoa. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe, na unipe ulimi wa kumwambia."

Chumba cha simu kikawa kidogo. Sikudhani alijikuta ameufunika uso kwa mtandio, kana kwamba kaimu alikuwa amemvua nguo.

"Hiyo ilikuwa baina yangu na Mola wangu!"

"Kisikizi hakikuwa na amri ya kutoka nje," akasema kaimu. "Nilifundishwa kwamba unalolifanya kila siku ndiyo tabia yako, na tabia yako ndiyo kazi yangu. Dawa ya mama, saa moja. Kufungua kuku, saa kumi na mbili. Kuomba ulimi wa kumwambia Hidaya, alfajiri. Uliomba ulimi. Mimi nilikuwa nao."

"Mwizi we!"

"Mwenyewe, nimekosea?"

Sikudhani alitaka kusema ndiyo. Neno likafika kwenye meno likarudi.

"Kwa hiyo ni kweli?" Ilikuwa sauti ya Bi Mwavita sasa, na haikuwa na mzaha. "Sikudhani, nakuuliza. Maana huyu alipoyasema barazani, nilimtetea mwanangu. Nilisema mashine imeharibika."

Sikudhani akazidi kuuvuta mtandio usoni.

"Haya," akasema bibi. "Miaka tisa namnunia mtoto wa watu kwa ajili yako. Anapita ananisalimia, mimi nageuza uso. Na macho yenyewe sina!"

"Mama, nisamehe."

"Mimi umenikosea nusu. Kamwanzie mwenye nzima. Na usiende na habari za mguu wangu. Mtu haombwi radhi huku anaonyeshwa mgonjwa." Akamgeukia kaimu. "We, nipe uji. Huyo mwenzio ana kazi."

Ukumbi wa nyavu ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira wa madrasa. Wavu uliochanika hutandazwa katikati, waya mwembamba kama unywele, na washonaji kumi na wawili huketi pembeni kuuzunguka, mikono ndani ya glavu za umeme, kila mmoja na kipande chake. Hidaya alikuwa amepangiwa kona ya pili. Ilikuwa siku yake ya kwanza, na mshono wake tayari ulikuwa umenyooka kuliko wa wote. Sikudhani aliliona hilo likamuuma kidogo, akamwomba Mungu msamaha kwa hilo nalo, maana siku hiyo alikuwa anasafisha nyumba nzima.

Kaburi la siri hufukuliwa na aliyelichimba. Na jambo lililosemwa mbele za watu hufutwa mbele za watu, ndivyo alivyolelewa. Akavua glavu, akasimama.

"Jamani, naomba mnisikilize."

Washonaji wakainua vichwa. Wengine walitoka Tabora, wengine Lindi, mmoja Unguja. Hakuna aliyejua Mnarani ni wapi.

"Mwenzetu huyu mgeni, kwetu anaitwa Mama Ukoko. Anaitwa hivyo kwa sababu pilau ya harusi ya mwanawe iliungua, na watu waliambiwa yeye ndiye aliyeongeza kuni. Aliyewaambia ni mimi. Nilikuwa mpishi mkuu. Niliegemea gunia la mchele nikalala. Nilipoamka moshi umejaa, nikamwona yeye na kuni mikononi, nami nilijua anazitoa, maana ncha zilikuwa zinawaka. Nikapiga kelele ile niliyoipiga. Watu wakamcheka yeye. Niliwaacha wacheke, miaka tisa."

"Pilau ya watu wangapi?" akauliza mama wa Tabora, kwa uchungu wa kweli.

"Mia nne."

"Lo! Na nyama?"

"Na nyama."

"Hasbunallah," akasema yule wa Unguja, akaweka glavu chini kabisa.

Sikudhani akamgeukia Hidaya. Hapakuwa na mashine ya maji ya kutazama. "Hidaya binti Rajabu, nimekukosea. Nakuomba radhi. Si kaimu. Mimi."

Hidaya alimaliza mshono aliokuwa nao. Akakata uzi. Akashona mwingine.

"Ulilala," akasema hatimaye.

"Nililala."

"Ulikoroma."

"Hapo sijui."

"Mimi najua. Nilikusikia kutoka uani. Nikaja, nikaona moto umezidi. Nikasema nikimwamsha atashtuka, na huyu mtu hajagusa kitanda siku mbili kwa ajili ya mwanangu. Nikaanza kutoa kuni moja moja, polepole, usiamke." Akavua glavu zake. "Nimeungua kiganja hiki hapa. Ndipo ukaamka."

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akakaa chini pale pale, juu ya wavu, waya ukamchoma, akaacha umchome.

"Unajua kinachoniuma zaidi?" akasema Hidaya. "Jina langu limerudishwa mimi sipo. Miaka tisa nangoja kusikia neno hilo, siku limesemwa, niko karantini natazama ukuta. Likasikilizwa na sanamu yangu! Nayo ikasamehe papo hapo, kama inampa mtu chumvi. Mimi miaka tisa nimejaribu sikuweza. Hiyo wameitengeneza vibaya."

"Wameitengeneza vibaya," akakubali mama wa Tabora.

"Mama yako hukumtaja," akasema Hidaya.

"Hapana."

"Kwa nini? Kila mtu hapa anajua fomu ile itamwangukia nani."

"Kwa sababu ungesamehe kwa ajili yake. Mimi nataka... Hapana, sina ninachotaka. Nilikuja kusema, nimesema."

Hidaya akazivaa tena glavu zake. "Toka kwenye kipande changu," akasema. "Unakikunja."

Siku ya mwisho ya fomu, Bwana Mligo aliwakuta wote wawili bwaloni, meza moja, viti viwili katikati yao vitupu. Chakula cha siku hiyo kilikuwa kile kitu cha kijivu ambacho kituo kilikiita wali wa nyama. Sikudhani alikuwa ameshaweka kidole chake asubuhi, kwenye ndiyo. Chake hakikuwa tena uongo. Lakini cha mmoja hakifai bila cha pili, na usiku wa Kondoa ukiingia, gari la karakana lingekuwa limeshapigwa simu.

"Mama Hidaya," akasema Mligo, akimsogezea kibao kama anayemsogezea paka maziwa. "Saa zimekwisha. Je, msamaha alioutoa kaimu wako ni wako? Ndiyo au hapana?"

"Hapana," akasema Hidaya.

Kijiko cha Sikudhani kikasimama. Alimwona mama yake, kilemba kikilegea, akiita jina la mtu asiyekuwapo. Akainamisha kichwa. Haki ya mtu ni haki ya mtu.

"Ule si wangu," akaendelea Hidaya. "Ule ni wa mashine, ufute. Mimi nasamehe wa kwangu, leo, kwa ulimi wangu, na aliyeniomba nimemsikia kwa masikio yangu. Uandike huo."

Mligo akakitazama kibao, akamtazama yeye, akakitazama tena. "Mama, kwenye fomu hiyo inakuwa ni ndiyo tu."

"Haiwi. Ndiyo ni kupokea kazi iliyofanywa na mwingine. Hii nimeifanya mwenyewe, na imenigharimu usingizi. Huna pa kuandika?"

"Kuna mahali pa maelezo ya ziada. Likiandikwa hapo, neno linasimama na makaimu hawaguswi, ila hakuna aliyewahi kupatumia."

"Leo patatumika. Andika: Hidaya binti Rajabu amesamehe."

Mligo akaandika.

"Andika na saa."

"Saa saba na dakika kumi mchana."

"Andika kwamba ni baada ya chakula kibaya, wajue sikurubuniwa."

Mligo akaandika. Sikudhani alikuwa analia sasa, analia vibaya, bila mtandio, kamasi na yote, na kule mwisho wa bwalo watu wa zamu ya pili walikuwa wamesimama na sinia zao wakidhani kuna msiba.

"Na andika," akasema Hidaya, akisogea kiti kimoja karibu, "kwamba alikoroma."

Mligo akasita, kalamu hewani, akamtazama Sikudhani.

"Andika," akasema Sikudhani.